Lancaster wakati wa baridi: siku mbili kati ya mashamba ya Waamish

Kabla hujaangalia utabiri wa hali ya hewa, angalia kalenda. Ndugu wengi wanaoishi Philadelphia, Baltimore au New Jersey hupata mapumziko mafupi kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakapakia watoto kwenye gari na kwenda kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, kuona mashamba ya Waamish, Wakristo wanaoshika desturi za zamani na kusafiri kwa magari ya farasi. Wanafika wanakuta milango imefungwa, kumbe wangesogeza safari siku mbili tu wangekuta kila kitu wazi.

Waamish hawauzi kitu Jumapili, hata yule mwenye kimeza cha mayai barabarani. Desemba 25 wamefunga, na Desemba 26 pia, kwa sababu Waamish wa Lancaster wana Krismasi ya pili ambayo ni ya kutembeleana. (Wenzao wa kaunti ya Holmes, Ohio, wanaadhimisha pia Krismasi ya zamani Januari 6, kwa hiyo anayeelekea huko aikwepe tarehe hiyo.) Ukienda Novemba au mwanzoni mwa Desemba, jua kwamba huo ni msimu wa harusi, na harusi zao huwa Jumanne na Alhamisi. Siku hizo fundi wa hatamu au mama wa duka la vitambaa anaweza kufunga tangu asubuhi, maana ukoo mzima uko arusini.

Ushauri wetu ni Ijumaa na Jumamosi. Soko la Green Dragon la Ephrata, lililoanza mwaka 1932, hufunguliwa Ijumaa peke yake. Central Market ya mjini Lancaster, iliyo ndani ya jengo la matofali mekundu la mwaka 1889, hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Central Market ni ya asubuhi. Ukifika Jumamosi saa nane mchana utakuta wauzaji wanafungasha. Januari, sehemu nyingi za watalii hupunguza siku au hufunga kabisa, ikiwemo treni ya mvuke ya Strasburg. Hakikisha kabla hujawaahidi watoto.

Halafu kuna suala la mwanga. Mwisho wa Desemba jua huchomoza kama saa 1:25 asubuhi na kuzama kama saa 10:45 jioni. Una saa tisa na kidogo tu za kuona mashamba, na kwa usalama wako na wa wenye farasi, ni vizuri saa kumi jioni uwe umeshatoka kwenye vijibarabara vya mashambani.

Kuhusu gari. Magari mengi ya kukodi ya huku yana tairi za misimu yote, si za theluji, na zinatosha kama hulazimishi kusafiri siku ya dhoruba. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea: kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti, tairi hupungua takriban psi 1, kwa hiyo gari lililojazwa Oktoba linaweza kuwa chini kwa psi 4 au 5 Januari. Maji ya kuoshea kioo yawe ya baridi, yanayohimili hadi nyuzi 20 chini ya sifuri za Farenhaiti. Ukiweka ya kiangazi, yataganda kwenye kioo wakati huohuo lori lililo mbele linakurushia tope la chumvi. Tangi lisishuke chini ya nusu. Na usiondoke na theluji juu ya paa: sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2022 inamtaka dereva aondoe theluji na barafu kwenye gari ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka, kwa sababu bonge la barafu likiruka linaweza kuvunja kioo cha anayekufuata. Sheria ya huko inataka pia taa ziwake kila waipa zinapofanya kazi.

Sasa magari ya farasi, maana hapa ndipo ajali zinapotokea. Lancaster kuna Waamish zaidi ya 40,000, na hiki ndicho chombo chao cha kila siku, si maonyesho ya watalii. Bodi ya gari lao ni ya kijivu. Jioni ya Januari, lami ikiwa imepauka kwa chumvi na mashamba yamefunikwa theluji, kijivu hicho hupotea kabisa. Kinachobaki ni pembetatu ya rangi ya chungwa yenye ukingo mwekundu iliyobandikwa nyuma, pamoja na taa ndogo za betri. Zoeza macho yako kuitafuta hiyo pembetatu.

Piga hesabu. Wewe uko maili 55 kwa saa, farasi anakwenda maili 8. Ukimwona akiwa mita 150 mbele, una kama sekunde 7 kabla ya kumgonga. Barabara ikiwa kavu zinatosha. Ikiwa na barafu hazitoshi, maana gari huhitaji umbali mara kadhaa zaidi ili lisimame. Ndiyo maana kwenye vilima, ambako huoni upande wa pili, tunasema maili 35 hata kama kibao kinaruhusu 45 au 55.

Ukimfikia, punguza mwendo mapema na taratibu, kaa nyuma yake kwa urefu wa magari matatu au manne, uzime taa kubwa. Usipige honi wala usingurumishe injini. Farasi hawa wengi ni wa aina ya Standardbred, waliowahi kukimbia mbio za mikokoteni, na magari wameyazoea. Kinachowashtua ni sauti ya ghafla na tope la theluji kuwarukia miguuni. Subiri mstari wa katikati uwe wa vipande na uone barabara tupu mbele, kisha ovateki ukiwa umehamia upande wa pili kabisa, kwa mwendo wa wastani. Usirudi haraka: mpaka umwone farasi mzima kwenye kioo cha ndani, ndipo ujirudishe. Kwenye kibao cha kusimama, mwachie nafasi ya mita 3 au zaidi, kwa sababu gari la farasi hurudi nyuma kidogo kabla halijaondoka, hasa kwenye mwinuko. Viatu vya farasi vya baridi vimechomelewa vichuma vigumu vya kushikilia barafu, na ukiteremsha kioo utavisikia vikikwaruza lami. Hata hivyo farasi huteleza, na akianguka usiwe umembana nyuma.

Kuna jambo jingine la mashamba haya ambalo mgeni halitegemei. Ni eneo la wazi lenye miti michache, hivyo upepo husomba theluji ya shambani na kuirudisha barabarani saa moja tu baada ya greda kupita. Mchana jua huyeyusha ukingo, maji yakatambaa kukatiza lami, na kuanzia saa kumi jioni yanaganda. Barafu hiyo huoni. Inafanana na lami iliyolowa. Madarajani huganda mapema zaidi kwa kuwa baridi inapita chini yake. Barabara zenye namba kama 340, 772 na 23 ndizo husafishwa na kutiwa chumvi kwanza. Ramani ya simu itakushawishi upite njia ya mkato ili uokoe dakika mbili. Usikubali wakati wa baridi.

Njia tunayoipenda ni hii. Ijumaa asubuhi toka kwenye barabara kuu ya kulipia, I-76, kwenye njia ya kutokea namba 286, uende Ephrata kwenye Green Dragon. Kisha fuata 322 kuelekea mashariki hadi Blue Ball, ukate kulia kwenye 23 kupitia New Holland hadi Leola, halafu 772 kusini kupitia Mascot hadi Intercourse, na 340 kupitia Bird-in-Hand mpaka mjini Lancaster kulala. Yote ni maili 35 hivi, lakini itengee mchana mzima. Kipande cha 772 ndicho kizuri kuliko vyote: maghala makubwa, minara ya malisho, vinu vya upepo, na shule za chumba kimoja ambamo watoto husoma hadi darasa la nane. Jumamosi anza na Central Market, kisha US 30 na 896 hadi Strasburg, utokee Gap kwa 741, ambako unashika tena US 30 kurudi Philadelphia. Ukikuta daraja lenye paa la mbao, soma kibao cha uzito na urefu, simama, sikiliza. Linapitisha chombo kimoja kwa wakati, na ndani ni giza. Huenda farasi ameshaingia.

Mjini Lancaster usishangae kusikia Kiswahili, maana mji huu umepokea wakimbizi wengi wakiwemo Wakongomani. Wasomaji wa mkoa wa Mara watakumbuka pia kwamba wamisionari wa Mennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster hii. Wamennonite na Waamish ni ndugu waliotengana mwaka 1693, Jakob Ammann alipojitenga na kundi lake huko Ulaya.

Picha: farasi, mashamba na nguo kwenye kamba, sawa. Nyuso za watu, hapana, kwa sababu ya amri ya Kutoka 20:4 kama wanavyoielewa. Usivute picha kwa siri kutoka dirishani, wala usisimame nje ya shule watoto wakiwa uwanjani. Usiegeshe kwenye mdomo wa njia ya shamba pia. Lori la maziwa linapita hapo, na dereva wake hana pa kugeuzia. Ukitaka mazungumzo, nunua kitu. Baridi ni wakati wa kazi za ndani, kuchambua tumbaku, kushona mablanketi ya viraka, kutengeneza hatamu, na fundi ana nafasi ya kuongea kuliko wakati wa mavuno. Nyumbani wanaongea Kijerumani chao, ila Kiingereza wanakijua vizuri.

Beba dola za noti ndogo, za 1 na za 5. Maduka mengi hayapokei kadi, na kwenye meza za barabarani hakuna muuzaji: unachukua mayai au jemu, unatumbukiza pesa kwenye kisanduku, wala hakuna chenji.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe: uliza kila kitu. Ganda la pai, ikiwemo ile maarufu ya molasi, mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Scrapple, vile vipande vya kukaanga vya asubuhi, ni mabaki ya nguruwe yaliyochanganywa na unga wa mahindi. Maharage mabichi hupikwa na vipande vya ham, yaani paja la nguruwe, ndani, na kuku hawachinjwi kwa utaratibu wa Kiislamu. Salama zaidi ni jibini, mkate, matofaa, asali, na achari za mboga wanazoziita chow-chow, ambazo hazina tofauti kubwa na za kwetu. Maziwa mabichi yanauzwa kihalali mashambani kwa kibali. Yachemshe kama ulivyozoea nyumbani.

Ukirudi, peleka gari lioshwe siku hiyohiyo au kesho yake, na ulipie lile osho la chini ya bodi. Chumvi ya barabarani hukaa kwenye mikono ya tairi na mabomba ya breki, na huanza kula chuma wakati bado gari linaonekana safi kwa nje.