Kufa na kuzikana: majibu kwa maswali yenu kuhusu mifuko ya mazishi

Barua nyingi tulizopokea zimetoka kwa wanaoendesha mifuko ya kusaidiana katika mitaa ya Nairobi. Tumejibu zile zenye mambo yatakayowafaa wengine, na pale penye hesabu tumeiweka wazi ili kila kikundi kiingize tarakimu zake.

Katibu wa kikundi, Umoja: Tunabishana. Wapo wanaosema mfuko wa mazishi ni desturi yetu, wengine wanasema ni jambo lililoletwa na kampuni za bima. Kipi kilitangulia?

Mfuko ulizitangulia kampuni kwa karne nyingi, na hauna kabila wala taifa. Kijijini, mazishi ni kazi ya ukoo na majirani: huyu analeta unga, yule anachimba kaburi, mwingine anakesha na wafiwa, na fadhila hiyo hurudishwa msiba unapobisha hodi nyumba ya pili. Mfuko wa fedha wenye kanuni zilizoandikwa huzuka pale watu wanapoishi mbali na ukoo wao.

Mmojawapo wa kale ambao kanuni zake bado zinasomeka ulikuwa Lanuvium, mji mdogo karibu na Roma. Zilichongwa kwenye jiwe mwaka 136 baada ya Kristo. Wanachama walikuwa watu wa hali ya chini, watumwa wakiwemo. Kiingilio kilikuwa sesterti (sarafu ya Kirumi) 100 na mtungi wa divai nzuri. Mchango wa mwezi ulikuwa asi (sarafu ndogo zaidi) 5, yaani sesterti moja na robo, au 15 kwa mwaka. Mwanachama akifa, mfuko ulitoa 300, na 50 kati ya hizo waligawiwa waliohudhuria mazishi. Aliyekaa miezi kadhaa mfululizo bila kuchanga hakuwa na haki ya kuzikwa na chama. Aliyefia zaidi ya maili 20 kutoka mjini alifuatwa na watu watatu waliochaguliwa kwenda kumzika. Kila mmoja alipewa sesterti 20 za nauli, na waliporudi walitoa hesabu. Wakipatikana wamedanganya, walilipa mara nne. Mwanachama aliyemtukana mwenzake alitozwa faini ya sesterti 12. Malalamiko yalipelekwa kwenye mkutano, si kwenye karamu, ili siku ya sikukuu watu wale kwa amani. Nauli ya wanaosindikiza maiti, hesabu baada ya mazishi, matusi mkutanini: hakuna kikundi Nairobi ambacho hakijajadili mambo haya.

Angalieni pia ukubwa wa kiingilio. Sesterti 100 ni michango ya zaidi ya miaka sita. Kwa kiasi hicho, mtu hajiungi leo kwa sababu tu ameanza kukohoa, na mfuko unakuwa na akiba kabla ya msiba wa kwanza. Vikundi vingi hapa mjini huweka kiingilio cha Sh500 ili kuvutia watu, kisha msiba wa mwezi wa pili unawakuta mikono mitupu.

Mweka hazina, Kayole: Tuko 40, kila mtu Sh200 kwa mwezi. Tunatoa Sh100,000 kwa msiba wa mwanachama, mwenzi wake, mtoto, au mzazi wa upande wowote. Miaka minne ya mwanzo tulikuwa na akiba. Sasa msiba wa pili wa mwaka hatuuwezi, na watu wananiangalia vibaya. Tumekosea wapi?

Pengine hakuna aliyekula pesa. Watu 40 kwa Sh200 kwa miezi 12 ni Sh96,000. Hiyo haitoshi msiba mmoja. Ahadi yenu haikuwahi kulingana na mchango hata siku moja; mlibebwa na bahati, kwa kuwa mlianza mkiwa vijana na wazazi wenu walikuwa bado na nguvu.

Hesabuni waliofunikwa na mfuko badala ya wanaochanga. Wazazi na wakwe wa watu 40 wanaweza kufika 160. Tuseme 90 bado wako hai, wengi wamepita miaka 65, na kwa wastani watatu kati ya kila mia wanafariki kwa mwaka. (Kiwango hicho ni cha mfano tu, chenu kitokane na daftari lenu.) Hapo mna wastani wa misiba 2.7 ya wazazi pekee, au Sh270,000. Kila mwanachama angelazimika kutoa zaidi ya Sh560 kwa mwezi kabla hamjamhesabu mwanachama, mwenzi wala mtoto.

Shida hii ina historia ndefu. London mwaka 1706 ilianzishwa Amicable Society, iliyopokea watu wa umri tofauti, wasiozidi 2,000, wote kwa mchango uleule. Fedha za mwaka waligawana warithi wa waliokufa mwaka huo. Chama hakikuweza kuvunjika kwa madai, lakini mwaka wa vifo vingi kila mjane alipata kidogo, na hakuna aliyejua mapema angepata nini. Scotland ilipata dawa miaka ya 1740. Wachungaji Robert Wallace na Alexander Webster, wakisaidiwa na mwanahisabati Colin Maclaurin, walitaka mfuko wa wajane na yatima wa wachungaji. Kwanza walikusanya kumbukumbu za vifo. Wakaona kwamba kati ya wachungaji wapatao 930, wastani wa 27 hufariki kila mwaka, na 18 kati yao huacha mjane. Ndipo wakapanga mchango. Aliyetoa pauni 2, shilingi 12 na peni 6 kwa mwaka alimwekea mkewe pauni 10 kila mwaka za ujane. Aliyetoa pauni 6, shilingi 11 na peni 3 alimwekea 25. Walikadiria kwamba mwaka 1765 mfuko ungekuwa na pauni 58,348. Mwaka huo ulipofika, mfuko ulikuwa na 58,347. Mwaka 1762 Equitable Society ya London ikaanza kutoza kila mtu kulingana na umri wake anapojiunga, ikiahidi kiasi kisichobadilika. Bima ya maisha ya leo imesimama juu ya kazi hiyo.

Kwenu Kayole, anzeni kama wale wachungaji. Andikeni jina na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu anayefunikwa na mfuko. Toeni kwenye mihtasari ya mikutano idadi ya misiba ya kila mwaka tangu mlipoanza, mkitenga wanachama, wenzi, watoto na wazazi. Msitumie wastani peke yake. Tazameni pia mwaka mbaya kuliko yote. Kisha pangeni malipo kwa ngazi. Kwa mfano, mzazi Sh30,000, kwa sababu ana watoto wengine na huenda wamo kwenye mifuko mingine, na mwanachama Sh100,000, kwa sababu kifo chake ndicho kinachoiacha nyumba bila mapato. Misiba 2.7 ya wazazi inakuwa Sh81,000, na mmoja wa mwanachama Sh100,000, jumla Sh181,000. Mchango wa Sh400 unaingiza Sh192,000. Sasa mnaweza kulala, ingawa akiba ni nyembamba na mwaka mbaya bado utawauma.

Somesha hesabu hii mbele ya mkutano wote, ubaoni, kabla ya mtu yeyote kutaja neno wizi.

Kijana, Roysambu: Kikundi chetu hakina mchango wa mwezi. Mtu akifa, kila mmoja anatoa Sh1,000. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka, sasa ni karibu kila mwezi, na wenzangu wa rika langu wanatoka. Nifanye nini?

Mnarudia njia ya Ancient Order of United Workmen, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1868. Kila kifo kilipotokea, wanachama walitoa dola moja moja, na familia ikapata hadi dola 2,000. Mtindo huo ulienea haraka kwa sababu ni rahisi na hauhitaji akiba. Ugonjwa wake hujificha: wanachama wanazeeka pamoja, mwito unakuja mara nyingi zaidi, vijana wanakimbia, na waliobaki wanalipa zaidi huku wakiwa ndio wenye misiba. Kikifika hapo, chama hakitibiki kwa kuhimizana upendo. Badilisheni kabla vijana hawajaisha: mchango wa kila mwezi, kima cha juu cha mtu kwa mwaka, na akiba inayotosha misiba miwili ambayo haiguswi kwa jambo jingine lolote. Na anayejiunga akiwa na miaka 55 atoe zaidi ya mwenye 25. Huko si kumdharau mzee, ni kulinda ahadi aliyopewa.

Mzee, Kaloleni: Vyama vyetu vya zamani vilivyosafirisha maiti hadi nyumbani viliishia wapi?

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika kama mfanyakazi wa kupita: alipewa kitanda, si nyumba ya familia. Mgonjwa au maiti alihitaji kurudishwa kwao. Luo Union na jumuiya ya Abaluhya zilikusanya nauli, zilisimamia matanga, zilimsaidia aliyekwama mjini, na zilikuwa na timu za mpira pia. Mwaka 1980 serikali iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe. Ndiyo maana Abaluhya FC ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Reunion.

Timu zilibadili jina. Kazi ya kuzika iligawanyika. Ilihamia kwenye vikundi vya watu wa kata au kijiji kimoja, makanisa, misikiti, kazini, na hasa kwenye Sacco, ambazo nyingi zina mfuko wa rambirambi unaokatwa pamoja na akiba. Ushirika nao ulijenga bima yake: mwaka 1968 shirikisho la vyama vya ushirika, KNFC, lilianzisha wakala wa bima, na mwaka 1978 ukapata leseni ya kuwa kampuni kamili. Ndiyo inayojulikana leo kama CIC. Kwa maoni yetu hii ndiyo sura muhimu zaidi ya historia hiyo kwa Wakenya, kwa sababu hapo wenye mifuko midogo waliacha kubeba hatari kila mmoja peke yake.

Mjane, Kawangware: Mume wangu alichanga miaka saba. Alikosa miezi mitatu akiwa mgonjwa, akafariki. Kikundi kimekataa kutoa chochote. Ni haki?

Pole sana, mama. Itisha katiba ya kikundi na muhtasari wa mkutano ulioipitisha. Tazama mambo matatu: inasema miezi mingapi ya kukosa ndiyo inamwondoa mtu, inataka aarifiwe kwa maandishi au la, na kama kuna fungu kuhusu mgonjwa. Kama katiba haitaji miezi mitatu, kamati haiwezi kuibuni baada ya kifo. Kama inataka ilani na haikutolewa, una hoja nzito. Peleka dai kwa maandishi kwa mwenyekiti na katibu, baki na nakala iliyopigwa muhuri au kutiwa sahihi, na ukikwama nenda ofisi ya maendeleo ya jamii iliyowasajili.

Kwa kamati: kanuni ya kukosa mchango ni ya lazima, maana bila hiyo watu watalipa siku ya msiba tu. Lakini mwanachama huacha kuchanga hasa anapougua au kupoteza kazi, wakati ambao mfuko uliundwa kumfaa. Wekeni muda wa neema wa siku 90, ujumbe wa simu kila mwezi unaokosekana, na ruhusa ya kukata madeni kwenye malipo ya msiba. Mwanachama aliyekosa Sh600 akatwe Sh600.

Mwanachama, Dandora: Pesa zote ziko kwenye simu ya mweka hazina. Ni mwaminifu. Kuna tatizo?

Lipo, hata akiwa malaika. Akifa yeye, pesa zenu zitachanganyika na mali ya marehemu na mtazingojea pamoja na warithi. Vyama vya kusaidiana vya Uingereza katika karne ya 18 na 19 viliweka fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na halikufunguka hadi watatu wawepo. Akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu hufanya kazi hiyo hiyo. Ili benki iwafungulie mnahitaji cheti cha usajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022: watu wasiopungua 10, katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, na orodha ya wanachama na vitambulisho vyao.

Mwenyekiti, Githurai: Wakala ametuambia tuache mfuko tununue bima ya mazishi ya kikundi. Tufuate?

Nunueni bima kwa misiba mikubwa, mbaki na mfuko mdogo kwa gharama za siku ya kwanza: mochari, usafiri, chai ya waombolezaji. Kabla ya kutia sahihi ulizeni umri wa mwisho wa wazazi wanaokubaliwa, kipindi cha kungoja kwa kifo cha ugonjwa, na nani anaongeza au kufuta majina katikati ya mwaka. Madai mengi hukwama hapo: marehemu hayumo kwenye orodha, au jina la orodha halilingani na la kitambulisho. Andaeni kibali cha mazishi, nakala ya kitambulisho na barua ya kikundi. Hakikisheni kampuni imo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na lipeni kwa nambari ya kampuni, kamwe si kwa simu ya wakala.

Onyo moja: mkianza kupokea watu msiowafahamu na kuwaahidi kiasi maalumu kwa ada, mmeingia biashara ya bima, na Sheria ya Bima hairuhusu hiyo bila leseni.

Msomaji, Kibera: Kila Desemba tunagawana chote kilichobaki. Vibaya?

Uingereza walikuwa na vyama vya namna hiyo, waligawana kabla ya Krismasi na kuanza upya Januari. Vilipendwa sana. Hasara ilimpata aliyeugua mwanzoni mwa mwaka, na mzee ambaye kikundi kipya kilikataa kumwandika. Gawaneni ziada tu: acheni kwanza kiasi cha misiba miwili, andikeni kiasi hicho kwenye muhtasari, kisha kinachozidi mpeane.