Bolti ya ekzosi iliyokatikia kwenye hedi ya Canter

Kaka, kwa hiyo bolti iliyokatikia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, usikimbilie drili kuitoa. Kama kimebaki nje hata kipande cha milimita 3, visha nati juu yake, fundi aichomelee kupitia lile tundu la nati, iache ipoe kidogo, kisha izungushe taratibu, mbele na nyuma, huku ukitia oili. Ule moto ndio unaoachanisha kutu. Nimetoa bolti nyingi hivyo kwenye Canter za zamani, hasa bolti za miishoni mwa manifodi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi), maana manifodi ikipata moto hutanuka zaidi huko miishoni. Ikikatikia ndani, hapo toboa katikati, anza na drili ndogo. Ila usiendelee kutembea na gari bolti ikiwa imekatika: moshi unaovuja huunguza gasketi inayoziba kati ya manifodi na hedi, na ukiingia kwenye kebini ni sumu.