Terminali inakumbuka, we iulize tu

SWALI: Nimehamia Linux kama miezi miwili hivi, naipenda sana ila terminali, lile dirisha la kuandika komandi, inanichosha jamani. Kila siku naandika komandi ndefu ileile, nikikosea herufi moja nafuta yote naanza upya. Nyie wazoefu mnafanyaje?

JIBU: Pole sana, ila hapo unajitesa bure. Karibu kila unachoandika kinawekwa na bash, programu inayopokea komandi zako ndani ya terminali, we ndo hujawahi kuiuliza. Bonyeza Ctrl+R alafu andika kipande chochote cha ile komandi, hata cha katikati. Tuseme wiki iliyopita uliandika `rsync -av Nyaraka/ /media/diski/bakapu/`, sasa hivi andika `bak` tu uone, mstari mzima unajileta wenyewe. Kama imekuja nyingine bonyeza Ctrl+R tena, inazidi kurudi nyuma, ukiipata piga enta, au kama unataka kurekebisha kitu kwanza bonyeza mshale wa kulia, mstari unatulia pale unaedit taratibu. Umeghairi? Ctrl+G.

Na ukikosea herufi usifute yote bwana. Ctrl+A inakupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl+E mwisho, Ctrl+W inakula neno moja la nyuma. Ukisahau sudo, lile neno la kuomba ruhusa ya msimamizi, andika `sudo !!`, itarudia komandi iliyopita ikiwa na sudo mbele.

Kitu kimoja tu, bash yenyewe kwa kawaida inashika komandi 500, Ubuntu (aina mojawapo ya Linux, kama ilivyo Debian) wameongeza kidogo wakaweka 1000, na kwa mtu anayeshinda terminali hizo zinaisha haraka. Fungua `.bashrc`, faili la mipangilio ya bash, weka `HISTSIZE=50000` na `HISTFILESIZE=50000`, funga terminali ufungue tena. Mimi naona hii ndo ilitakiwa iwe hivyo toka mwanzo. Ila kumbuka inashika na siri pia, kwahiyo komandi yenye paswedi ndani yake anza na nafasi moja kabla ya herufi ya kwanza, kwenye Debian na Ubuntu hiyo haihifadhiwi.

SWALI: Terminali yangu inaganda ghafla, naandika hakuna kinachotokea, inabidi nifunge dirisha zima. Kompyuta mbovu?

JIBU: Kompyuta nzima kabisa, vidole ndo vina mazoea ya kusevu. Umebonyeza Ctrl+S, na kwenye terminali hiyo maana yake "simama kwanza", ni urithi wa enzi za mashine za kuchapa kwenye karatasi zilizokuwa zinazidiwa na maneno. Bonyeza Ctrl+Q, na yale yote uliyokuwa unaandika gizani yatatokea kwa mpigo, so angalia usiwe umeandika kitu cha hatari. Ukitaka tatizo life kabisa ongeza `stty -ixon` kwenye `.bashrc`, na faida yake ni kwamba Ctrl+S inageuka kuwa ndugu wa Ctrl+R, ukipitiliza kurudi nyuma yenyewe inakusogeza mbele.

SWALI: Nimefuta faili kwa rm, kwenye kapu la taka silioni. Liko wapi?

JIBU: Halipo mkuu. rm haijui kapu. Acha kuandika chochote kwenye hiyo diski sasa hivi, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux alafu jaribu PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, unaweza kubahatika, sikuahidi.

Haya mambo yameshanikuta. Nilitaka `rm *.bak`, yaani futa kila faili linaloishia na .bak, kidole kikateleza nikaweka nafasi baada ya nyota, ikawa `rm * .bak`. Ikafuta mafaili yote ya kwenye folda, alafu ikanilalamikia eti hakuna faili linaitwa .bak! Toka siku hiyo naanza na `ls *.bak`, natazama orodha kwa macho yangu mawili, ndo nabonyeza mshale wa juu nabadili ls kuwa rm. Kuna na `rm -I`, herufi kubwa, inauliza mara moja kama mafaili yamezidi matatu. Na kama unatumia GNOME, muonekano mmojawapo wa Linux wa madirisha na vitufe, `gio trash` ikifuatiwa na jina la faili ndo inapeleka kwenye kapu kweli.

SWALI: Nikiandika paswedi ya sudo haitokei hata nyota. Kibodi imekufa?

JIBU: Hapana, inaficha mpaka idadi ya herufi. Andika tu, piga enta.