Sanduku lililokwama konani

Mwanangu,

Nimejua kwamba mama yako amenisemea kwako. Ujumbe wako wa juzi ulikuwa nusu kicheko, nusu swali: "Baba, huo mchezo wa masanduku ulikushinda tangu u mdogo, na majibu yote yamo kwenye intaneti. Kwa nini usiyatazame tu ukalala?" Nilikujibu ovyo, nikasema ni uzee. Jibu lenyewe ni refu kidogo, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Mchezo wenyewe ni Sokoban. Aliutunga Mjapani mmoja, Hiroyuki Imabayashi, na kampuni yake, Thinking Rabbit, ikautoa mwaka 1982. Jina Sokoban kwa Kijapani maana yake ni mtunza ghala, na kweli humo hamna kingine: mtu mmoja, kuta, masanduku, na alama sakafuni zinazoonyesha masanduku yanapotakiwa kukaa. Unasukuma sanduku moja moja. Mawili kwa pamoja hayasukumiki, na kuvuta hakuna. Hakuna adui wala risasi. Adui ni wewe mwenyewe na haraka zako.

Niliukuta mwaka 1990 katika godauni moja la Shimanzi, Mombasa, babu yako alikokuwa karani. Ofisini palikuwa na kompyuta moja yenye maandishi ya kijani, na mtu fulani alikuwa ameuleta mchezo kwenye diski laini. Lilikuwa toleo la Marekani lililotoka mwaka 1988, lenye leveli 50. Jumamosi mahamali wakishalipwa na kutawanyika, babu yako hubaki akilinganisha hesabu za magunia ya kahawa, nami nikaachiwa ile mashine mpaka alasiri.

Leveli ya kwanza ina masanduku 6 tu. Yanapelekwa kwenye chumba kilicho mwisho wa ujia mrefu, upande wa kulia. Mimi nilikuwa nikiyapanga kwenye alama za mbele, zilizo karibu na mlango, kisha nashangaa ya mwisho hayana pa kupita. Siku moja babu yako akasimama nyuma yangu, akatazama kitambo, akacheka: "Hamali gani huyu asiyejua kuvuta?" Kisha akaniambia, kama anayemwelekeza kibarua mgeni, kwamba gunia la kwanza huenda ukutani. Ukianza kujaza mlangoni, la ndani utalipitisha wapi? Akarudi kwenye daftari lake. Leveli hiyo niliimaliza kabla hajafunga ofisi.

Lakini leveli ya 9 sikuivuka. Wiki kwa wiki, mpaka kompyuta ile ikahamishwa, na mimi nikaingia kidato cha kwanza.

Sasa nimeipata tena, kwenye simu, na hapa ndipo swali lako linaponigusa. Katika mchezo huu kuna makosa ya wazi: sanduku likiingia kwenye kona isiyo na alama, limekwisha, maana huwezi kusimama nyuma yake ukalitoa. Kuna mengine ya kificho kidogo: masanduku mawili yaliyopakana yakiegemea ukuta mmoja hayatoki tena. Halafu kuna yale ya siri kabisa. Umesukuma sanduku mahali panapoonekana pazuri, ukaendelea hatua mia na zaidi, ghala likapangika vizuri machoni, kumbe lilikufa zamani na hakuna aliyekuambia. Utotoni nilidhani nimeshindwa pale nilipokwama, kwa hiyo nilikuwa nikipambana na sanduku la mwisho, sanduku lisilo na kosa lolote, kisha naghadhibika, naanza upya, na kulirudia kosa lile lile la mwanzo.

Simu hii ina kitufe cha kurudi nyuma hatua moja moja. Usiku ule mama yako aliokushitakia, nilikuwa nakibonyeza. Nilirudi, nikajaribu, nikarudi tena, mpaka nikafika kwenye msukumo wa nne. Wa nne, mwanangu! Huo ndio ulioniua tangu mwaka 1990. Sanduku lililo sawa kabisa, nilikuwa nikilipeleka ubavuni mwa ukuta usio na alama hata moja, na likishaegemea pale linateleza kushoto na kulia tu, haliondoki ukutani maisha. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Majibu ya kwenye intaneti yangenionyesha njia ya mtu mwingine aliyepita salama. Hayangenionyesha yangu ilipokatika, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Wewe unayesomea mambo ya kompyuta utaniambia mashine ingemaliza kwa sekunde moja. Leveli ndogo, sawa. Lakini mwaka 1997 Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alithibitisha kwamba Sokoban kwa ujumla wake imo katika kundi la mafumbo mazito sana kwa kompyuta: ghala likizidi kukua, hakuna njia ya mkato inayojulikana. Muulize mwalimu wako, atakufafanulia kuliko mimi.

Leveli ya 9 bado sijaimaliza. Nimeshajua tu pa kutosukuma. Ukija likizo tutakaa nayo pamoja, ila usije ukaichungulia kabla. Na mwambie mama yako taa ya sebuleni huwa naizima.

Baba yako