Ukisoma Mipango Miji Ukilenga Milki, Anza na Thamani ya Kiwanja

Vijana wanaomaliza kidato cha sita, na wengine wanaotafuta shahada ya uzamili, huniuliza mara kwa mara kama kuna maana ya kusoma mipango miji ikiwa nia yao ni kufanya kazi katika uendelezaji milki, yaani kujenga majengo ya kuuza au kupangisha, au katika uchumi wa miji. Jibu langu ni ndiyo, na ninalitoa kwa moyo wote, ila ninaliwekea sharti moja: kabla hujazama kwenye michoro, jifunze thamani ya kiwanja inatoka wapi, nani anaitengeneza na nani anaondoka nayo. Mimi nilisoma Mipango Miji na Mikoa katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na kila nilipofanya kazi baada ya hapo, iwe halmashauri au kwa waendelezaji binafsi, swali hilo ndilo lililotenganisha mpango uliojengwa na mpango uliobaki kabatini.

Wenye bahati ya kusoma pale Ardhi wana jambo ambalo vyuo vingi duniani havina: wanamipango, wathamini (wanaokadiria thamani ya ardhi na majengo), wapimaji na wasanifu majengo wanasoma katika eneo moja. Itumie bahati hiyo. Mwombe mwanafunzi wa uthamini akuonyeshe ripoti anayoiandaa, nawe umwonyeshe mchoro wako, kisha mkae pamoja mpaka kila mmoja aelewe kwa nini mwenzake anaiangalia barabara ile ile kwa jicho tofauti. Katika miaka yangu ya chuo sikupata darasa lililonifaa kuliko mabishano ya namna hiyo.

Hesabu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa mipango aijue kwa vidole ni ile inayoanza na mapato ya jengo lililokamilika na kurudi nyuma hadi kwenye bei ya ardhi. Chukua mfano huu wa mazoezi, ambao tarakimu zake nimezirahisisha kwa makusudi. Kiwanja kina mita za mraba 600, na masharti ya uendelezaji yanaruhusu sakafu zote kwa jumla ziwe mara mbili ya eneo la kiwanja, yaani mita za mraba 1,200. Ukiondoa ngazi, lifti na korido, zinabaki mita za mraba 960 zinazoweza kuuzwa, na zikiuzwa kwa shilingi milioni 2 kila moja, mauzo yote yatakuwa shilingi bilioni 1.92. Ujenzi, kwa shilingi milioni 1 kwa kila mita ya mraba, utameza bilioni 1.2, ada za wataalamu, vibali na riba ya benki, kwa asilimia 20 ya gharama za ujenzi, milioni 240, naye mwendelezaji atataka faida ya asilimia 15 ya mauzo, ambayo ni milioni 288. Zinazobaki, milioni 192, ndizo pesa za juu kabisa anazoweza kulipa kununua kiwanja.

Sasa shusha bei ya kuuzia kwa asilimia 10 tu, huku gharama za ujenzi zikibaki pale pale. Pesa ya kununulia kiwanja inaporomoka hadi milioni 28.8. Mwenye kiwanja ambaye dalali amekwisha kumwambia kwamba eneo lake lina thamani ya milioni 200 hatauza, mwendelezaji hatajenga, na mchoro wako mzuri wa kuongeza makazi ya ghorofa katikati ya mji utasubiri. Ukirudisha bei ya mwanzo na badala yake ukaruhusu sakafu zifike mara tatu ya kiwanja, kiasi kinachobaki kwa ajili ya ardhi kinapanda hadi milioni 288. Milioni 96 zimeongezeka kwa uamuzi wa kikao, bila mwenye kiwanja kubeba hata tofali moja. Mwanamipango aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake ataingia katika kikao cha kubadilisha matumizi ya ardhi akijua kwamba mbele yake zimewekwa fedha, na kwamba ana haki ya kuuliza mji utapata nini kati ya fedha hizo: barabara ya mtaa, mfereji wa maji ya mvua, au eneo la soko.

Swali hilo linauma zaidi pale thamani inapoundwa na kodi za wananchi wote. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mwenye nyumba aliye karibu na kituo alipata faida ambayo hakuigharamia peke yake. Mwananyamala, Kimara au Manzese, kila mahali ambapo lami imefika, utaona chumba cha mbele cha nyumba kimevunjwa ukuta na kugeuzwa fremu, yaani chumba cha duka, na fremu hiyo inadai kodi ya pango ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Upande wa pili, kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme, inatozwa kwa kiwango kilichopangwa, kwa hiyo nyumba ya kawaida ya Masaki, ambako ardhi ni ghali, na nyumba ya kawaida ya Chanika, pembezoni mwa jiji, hulipa sawa. Naelewa sababu: ukusanyaji umekuwa rahisi, na wengi ambao hawakuwahi kulipa sasa wanalipa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kodi isiyotazama thamani inakata uhusiano kati ya barabara iliyojengwa na fedha za kujengea barabara inayofuata, na kizazi cha wanamipango wanaojua uthamini ndicho kinachoweza kuurudisha uhusiano huo kwa namna ambayo mwananchi wa kipato cha chini hataumia.

Kuhusu uchumi wa mji, ningekusihi usiuanzie kwenye minara ya vioo. Uanzie Kariakoo. Ndani ya mitaa iliyopangwa zamani kwa ajili ya nyumba za chini zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, leo kuna maghorofa ambayo sakafu zake za chini hukodishwa fremu moja moja, na fremu nzuri huombewa kilemba, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, kabla hata ya kodi. Wateja wanatoka mikoani, Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Simama mbele ya duka moja la vitenge asubuhi na ufuatilie mzigo mmoja: utamwona mbeba mizigo, mwenye mkokoteni, mfungaji wa maroba, wakala wa basi, mama lishe anayewalisha wote hao, na stoo ya ghorofa ya juu inayolipiwa kodi tofauti. Wote hao ni maendeleo ya kiuchumi ya mji, na karibu hakuna hata mmoja anayeonekana kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, ambayo itapaka jengo zima rangi moja na kuandika "biashara". Mpango unaowaondoa mama lishe na mikokoteni bila kuwapa nafasi hupandisha gharama za kila duka lililobaki.

Sinza nayo inastahili kutembelewa na mwanafunzi yeyote, kwa sababu ni matunda ya mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja vya kawaida, ikaweka barabara na huduma za msingi, na wananchi wakajenga wenyewe kadiri walivyoweza. Miongo imepita, na viwanja vile vile vimebeba maduka, nyumba za kulala wageni, ofisi na maghorofa, kwa kuwa barabara zilikuwepo tangu mwanzo. Linganisha na mitaa ambayo nyumba zilitangulia barabara. Nimekaa katika mikutano ya urasimishaji, yaani ya kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango, ambamo saa nzima ilikwisha kwa kujadili mita moja ya njia, na hoja nzito haikuwa ubishi wa wazee bali haki: nani atalipia kipande kilichomegwa kwa mmoja ili gari la wagonjwa liwafikie wote? Anayetaka kuelewa uchumi wa ardhi na akakosa kuhudhuria mkutano wa aina hiyo atakuwa amekosa somo ambalo hakuna mhadhara unaoweza kulifidia.

Sheria usizikimbie. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinatambua kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ongeza Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na ile ya mwaka 2008 inayowezesha mtu kupata hati ya sehemu ya jengo, ambayo bila hiyo biashara ya kuuza fleti isingekuwa na msingi. Zisome zenyewe, kifungu kwa kifungu, usitegemee muhtasari wa mwenzako.

Ukipata nafasi ya kusoma nje, Uingereza au Marekani kwa mfano, nenda. Utafundishwa kujenga mtiririko wa fedha wa mradi kwa umakini mkubwa, na ujuzi huo hauna mipaka. Kinachotakiwa kuangaliwa ni mambo yanayochukuliwa kuwa yapo tayari ndani ya hesabu hizo: mikopo ya nyumba ya miaka mingi kwa riba ndogo, kumbukumbu za mauzo zilizo wazi, na umiliki wa ardhi usio na kikomo. Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, mwananchi wa mjini hupewa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99, na familia nyingi hujenga kwa akiba, tofali kwa tofali. Hesabu isiyoyaona hayo itatoa jibu safi la mji mwingine.

Jambo moja la kikazi linahitaji kusemwa mapema. Usajili wa wanamipango na usajili wa wathamini ni mambo mawili, na wathamini wana sheria yao ya mwaka 2016. Shahada ya mipango haikupi ruhusa ya kutia saini ripoti ya uthamini, hata kama hesabu unazijua. Ukitaka mlango huo, panga njia yake tangu mwanzo. La sivyo, jifunze uthamini ili ufanye kazi vizuri pamoja na mthamini na uweze kumuuliza maswali ya maana.

Na utakapofika kwenye tasnifu, epuka mada pana kama "mchango wa sekta ya milki katika uchumi". Chagua barabara moja ambayo miundombinu yake imebadilika, kisha kusanya kodi za fremu zilizo mbele ya barabara na za zile zilizo mtaa wa nyuma yake. Chukua barua ya utambulisho kutoka chuoni, ianzie ofisi ya serikali ya mtaa, mtafute mjumbe akutembeze, na usimuulize mwenye nyumba anapata kiasi gani; waulize wapangaji wanalipa kiasi gani, kwa miezi mingapi, na nani alilipia mita ya umeme. Andika tarehe ya kila jibu, kwa kuwa kodi ya kabla ya sikukuu na ya baada yake hazifanani.