Nozeli ya tochi ndogo ya kuyeyushia kioo: anza na tundu dogo

Dada wa Sakina, umeuliza ununue nozeli (mdomo unapotokea moto) gani ya tochi ya mkono ya gesi na oksijeni, maana unatengeneza shanga kwa chupa za soda na moto unapiga pa! kisha unazimika. Pole sana.

Mlio huo mara nyingi hutokana na tundu kubwa mno kwa gesi unayofungulia. Gesi ikitoka polepole kuliko moto unavyokimbia, moto hurudi ndani ya nozeli. Nozeli ikichemka kwa kukaa karibu na kioo, au ikiwa na masizi, mambo ni yale yale. Kwa hiyo chukua yenye tundu moja dogo kwa kuweka nukta kwenye shanga na kuunganisha vioo, na nyingine yenye vitundu vingi, ambayo moto wake ni mpana na laini, ya kupasha shanga nzima. Hiyo ya pili usiiache: kioo cha chupa kikipashwa ghafla upande mmoja hupasuka.

Nozeli ya asetilini, gesi ya wachomeleaji vyuma, ikatae hata ukiuziwa bei ya kutupa. Gesi ya jikoni na oksijeni huwaka taratibu zaidi, hivyo huhitaji nozeli yake, yenye mdomo uliozama kidogo ili moto ushike.

Mipira ya kupitishia gesi ya jikoni nayo iwe ya gesi hiyo, na weka vali za kuzuia moto kurudi, ya gesi na ya oksijeni. Hapo usibane hela kabisa. Dukani beba tochi yenyewe ufunge nozeli pale pale, maana thredi hutofautiana. Nyumbani, kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira uone kama panavuja.