Usizibe maungio ya nyaya za boti kwa silikoni yenye harufu ya siki

Ndugu, usiipake hiyo silikoni Jumamosi. Umeandika kwamba umenunua boti ya zamani hapa Kisumu, kwamba nyaya za pampu ya ngama (sehemu ya chini ndani ya boti ambako maji hutuama) zimegeuka kijani, kwamba swichi za mbele hazishiki vizuri, na kwamba fundi amekushauri uyasugue maungio kwa msasa kisha uyafunike yote kwa silikoni ya bafuni ili maji yasiingie. Ushauri huo nilipewa mimi karibu neno kwa neno, nao ulinigharimu pampu, stata ya injini na sehemu kubwa ya mapato ya msimu.

Silikoni ya kawaida ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ile inayonuka siki unapoifungua, hunuka hivyo kwa sababu inatoa siki kweli. Inapokutana na unyevu wa hewa huanza kukauka, na katika kukauka huko hutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo katika siki ya jikoni. Kwenye vigae vya bafu asidi hiyo hupotea hewani bila kudhuru kitu. Kwenye waya mambo ni mengine: ukiipaka nene, tabaka la nje hukauka kwanza na kuifungia asidi ndani pamoja na shaba, na shaba ikikaa na asidi, unyevu na hewa hata kidogo, hugeuka chumvi ya kijani, yaani kitu kile kile unachotaka kukiondoa. Zipo silikoni zisizotoa asidi, zinazotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya elektroniki, lakini fundi wako hakuzungumzia hizo.

Ubaya mkubwa ni kwamba hutaona lolote. Maungio yangu yalikuwa yanang'aa kwa nje, laini na safi, na kila aliyeyatazama aliyasifu. Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa kisiwa cha Ndere, upepo wa alasiri ukiwa umechafua ghuba na mawimbi yakituingilia kwa ubavuni, nilipowasha pampu nayo ikanyamaza. Tulikumba maji kwa ndoo mpaka ufuo wa Dunga, na kufikia hapo maji yalikuwa yameshaifikia betri na nyaya za stata. Nilipoipasua silikoni kwa kisu nikiwa ufuoni, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka uji wa kijani uliosagika kati ya vidole vyangu. Waya uliokuwa umebeba usalama wa watu wote waliokuwamo haukuwa waya tena.

Nilimrudia fundi aliyenishauri mimi. Alinijibu kwamba ziwa letu ni la maji matamu, na kwamba kutu ya nyaya ni shida ya watu wa Mombasa. Jibu hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu lina ukweli kidogo unaotosha kumpoteza mtu. Ni kweli kwamba maji ya bahari hula shaba upesi zaidi. Lakini maji yanayotuama katika ngama si maji ya ziwa yalivyochotwa; yamechanganyika na damu ya samaki, petroli, matope na pengine asidi ya betri, na mchanganyiko huo hupitisha umeme. Nyaya za volti 12 zikilowa katika maji kama hayo, shaba ya upande chanya huyeyuka kidogo kidogo kila dakika ambayo betri imeunganishwa, hata boti ikiwa imefungwa ufuoni. Mtu aliyezoea mabomba ya nyumba anaweza kuwa fundi bora kabisa wa nyumba; ni wajibu wake kusema kwamba yeye haijui boti.

Kanuni ninayoishikilia sasa ni hii: usifunike ungio lolote kabla hujaukata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Msasa husafisha nyuzi za nje tu, wakati unyevu hunyonywa katikati ya nyuzi na kusafiri mbali chini ya ganda la plastiki. Chuna ganda, ukiona nyuzi nyeusi, kata tena, na weusi ukiendelea, tupa waya wote na ununue ule wa shaba iliyopakwa bati. Tumia kiungio cha kubanwa kwa koleo lake maalumu, uvute kwa nguvu kuhakikisha hakichomoki, kisha ukivike mrija wa plastiki unaojikaza ukipashwa joto, ule wenye gundi kwa ndani, ulilalie ganda la waya pande zote mbili mpaka gundi ichungulie kwenye ncha. Kabla ya kupasha joto, ondoa betri na uache boti ipigwe na hewa, kwa maana mvuke wa petroli hukaa chini. Usitegemee kulehemu peke yake: risasi ya kulehemia hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mtikisiko wa injini huzikata pale pale ugumu unapoishia. Ungio lenyewe lipandishe juu ya ngama, na uuache waya ulegee kidogo chini yake ili maji yadondoke kabla ya kulifikia.

Vichwa vya betri ni kazi nyepesi. Vioshe kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri, vikaushe, kaza, kisha paka mafuta mazito ya mgando juu yake.

Ukimaliza, usiamini macho. Ungio lenye ukinzani (kiasi linavyozuia umeme) wa nusu omu tu, likipitishwa ampea 5 za pampu, hula volti 2.5 na kutoa joto la wati 12.5 mahali pamoja. Washa pampu, weka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye waya chanya pale unapoingia kwenye pampu, usome volti zinazopotea, kisha upime upande hasi vivyo hivyo. Mimi sikubali jumla ipite asilimia 3 ya volti 12, yaani takriban volti 0.36. Ikizidi hapo, rudi ukatafute ungio lenye joto kwa kugusa moja baada ya jingine, kuanzia lile lililo chini kabisa.